Je, ni kweli kwamba talaka zinaongezeka kuliko zamani? Tujadili kwa hesabu

Mwalimu wa Mingoyo:

Ndugu zangu, salaam.

Katika harusi na vikao vya ukoo hapa kwetu Lindi kuna kauli ambayo haikosi kutolewa, tena na watu wa heshima zao: kwamba wazee wetu walioana wakazikana, na kwamba talaka ni mambo ya vijana wa leo waliosoma, wenye simu mkononi na wasio na uvumilivu. Naomba kuipinga kauli hiyo. Sina nia ya kuwavunjia wazee heshima, ila hesabu za talaka zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 100 katika nchi mbalimbali haziiungi mkono, na historia ya pwani yetu ndiyo kabisa.

Nianze na Marekani, kwa kuwa ndiyo nchi inayotajwa kila tunapolaumu usasa. Kipimo kinachotumika sana ni idadi ya talaka za mwaka mmoja kwa kila watu 1,000. Mwaka 1900 kipimo hicho hakikufika 1. Mwaka 1946, vita vilipokwisha na watu wengi waliooana kwa haraka wakati wa vita wakaachana, kilifika 4.3. Katika miaka ya 1950 kilishuka, kikaanza kupanda tena katika miaka ya 1960, kikafika kilele cha 5.3 mwaka 1981, na tangu hapo kimeendelea kushuka hadi 2.4 mwaka 2022. Kwa hiyo kijana wa Kimarekani wa leo, pamoja na simu yake, anaishi katika nchi yenye talaka chache kuliko ile ya wazazi wake. Sababu kubwa inayotolewa ni kwamba wanaooana sasa ni wachache, wamesoma zaidi, na wanaoana wakiwa na umri mkubwa: mwaka 1960 nusu ya wanawake walioolewa kwa mara ya kwanza walikuwa na umri wa takriban miaka 20 au chini yake, ilhali sasa umri huo wa kati ni takriban miaka 28. Walioongeza kuachana ni wazee: kati ya mwaka 1990 na 2010 kiwango cha talaka cha watu wenye miaka 50 na kuendelea kiliongezeka maradufu. Wasiovumilia, basi, ni hao hao wenye mvi.

Japani inashangaza zaidi. Katika miaka ya 1880 nchi hiyo ilikuwa na talaka zaidi ya 3 kwa kila watu 1,000, kiwango cha juu kuliko cha nchi yoyote ya Ulaya wakati huo. Bibi harusi aliyeonekana hafai kwa wakwe zake, hasa vijijini, alirudishwa kwao, naye aliolewa kwingine bila aibu kubwa. Baada ya sheria ya kiraia ya mwaka 1898, na baada ya shule kueneza maadili ya familia za makabaila hadi kwa wakulima, talaka zilipungua mwaka hadi mwaka, na kabla ya Vita Vikuu vya Pili hazikufika hata 1 kwa kila watu 1,000. Ni Japani ile ile iliyokuwa ikijenga reli, viwanda na vyuo vikuu. Zilipanda tena baadaye, zikafika kilele cha 2.3 mwaka 2002, na sasa zimeshuka tena.

Mfano ninaouona kuwa wa karibu na sisi kuliko yote ni nchi ya Malaya (leo sehemu ya Malaysia) na kisiwa cha Java, Indonesia. Hawa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama walivyo wengi wa pwani yetu, watu wa bahari, mchele na nazi. Katika miaka ya 1950, majimbo ya Kelantan na Terengganu yalikuwa yakiandikisha zaidi ya talaka 50 kwa kila ndoa 100 zilizofungwa, na Java haikuwa mbali na hapo. Msichana aliozwa na wazazi wake angali mdogo, mara nyingi akiwa na miaka 15 au 16. Akishindwana na mume alirudi kwa mama yake, akakaa eda, akaolewa tena na mtu aliyempenda mwenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970, wasichana walipoanza kukaa shule, kuchagua wachumba wao na kupata kazi, talaka zilianguka. Mwanasosholojia wa Kimarekani William Goode, aliyeandika kuhusu mabadiliko hayo tangu mwaka 1963, alieleza kwamba zipo jamii ambazo tangu asili zina talaka nyingi na zimejipanga kuishi nazo, na katika jamii hizo maendeleo huanza kwa kupunguza talaka.

Hoja yangu ni kwamba sisi wa Kusini ni miongoni mwa jamii hizo. Karibuni mnipinge.

---

Nahodha wa Kilwa:

Mwalimu, nimekusoma kwa makini, na bado naona umelikwepa jambo moja. Sheria. Mwaka 1969 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuruhusu talaka bila kuthibitisha kosa la mwenzi, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1970, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1971 ikaanza kutumika sheria mpya Uingereza, na talaka zikaruka kutoka takriban 58,000 mwaka 1970 hadi takriban 119,000 mwaka 1972. Hapo utasema nini? Ukiufungua mlango, watu watatoka. Wazee wetu walivumiliana kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, na ndiyo maana nyumba zilisimama.

---

Mwalimu wa Mingoyo:

Nahodha, nakubali kwamba sheria ina nguvu, ila nguvu yake si ya namna unayoieleza.

Kabla ya mwaka 1857 Mwingereza aliyetaka talaka kamili, yenye ruhusa ya kuoa tena, alihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa ajili yake peke yake, na kwa karibu miaka 200 sheria za aina hiyo zilizopitishwa ni takriban 300 tu. Je, tuamini kwamba katika Uingereza nzima ni nyumba 300 tu zilizovunjika? Waume walitoroka, wake walirudi kwao, watu waliishi na wenzi wengine bila cheti. Hesabu iliyoruka mwaka 1971 na 1972 ilikuwa kwa sehemu kubwa ni ya watu waliokuwa wametengana miaka mingi, ambao sasa walipata njia ya kuandikwa. Zilifika kilele cha takriban 165,000 mwaka 1993, na mwaka 2022 zilikuwa takriban 80,000 tu, ingawa mwezi Aprili mwaka huo huo sheria ililegezwa zaidi na kuondoa kabisa haja ya kumlaumu mwenzi. Kwa Marekani, kupanda kulianza kabla ya sheria ya California.

Angalia pia Ireland. Wananchi walikataa talaka katika kura ya maoni ya mwaka 1986, wakaikubali mwaka 1995 kwa asilimia 50.28, tofauti ya kura zipatazo 9,000 nchi nzima. Waliokataa walitabiri kwamba familia zitasambaratika. Mlango ulifunguliwa, na hadi leo Ireland ina kiwango kimojawapo cha chini kabisa Ulaya, chini ya 1 kwa kila watu 1,000. Na Japani, ambayo nimeitaja hapo juu, wanandoa wanaokubaliana huwasilisha tu fomu katika ofisi ya manispaa bila kufika mahakamani. Mlango ni ule ule, na waliopitia wamekuwa wengi na wachache kwa zamu.

Serikali ikitaka kufuta talaka kwa amri, inaweza kuzifuta kwenye karatasi. Romania ilizibana mwaka 1966 pamoja na kupiga marufuku utoaji mimba, na mwaka uliofuata talaka zilizoandikishwa zilikaribia kutoweka kabisa. Urusi ya Kisovieti ndiyo iliyocheza na mlango huo kuliko wote: kwa sheria ya mwaka 1926 mtu aliweza kuandikisha talaka peke yake na mwenzake akapelekewa taarifa kwa posta, mwaka 1944 ikawa lazima kupitia mahakama mbili na kutangaza gazetini, mwaka 1965 masharti yakalegezwa, na hesabu ya mwaka 1966 ikapanda ghafla. Hakuna anayeamini kwamba mapenzi ya Warusi yalibadilika kwa tarehe hizo.

---

Shangazi wa Masasi:

Wanangu, mnazunguka Ulaya na Japani wakati ushahidi mnao uani kwenu. Mimi ni Mmakua, nimezaliwa karibu na Masasi, na ninaweza kuwaeleza kwa nini talaka huku kwetu haikuwa jambo la kuvunja dunia.

Sisi Wamakua, na wenzetu Wamakonde, Wamwera na Wayao, tunahesabu ukoo kwa mama. Zamani kijana akioa alihamia ukweni, akalima kwa wakwe zake huku akitazamwa, na watoto waliozaliwa walikuwa wa ukoo wa mke, chini ya mjomba wao. Mahari ilikuwa ndogo. Ndoa ikishindikana, aliyefunga mzigo wake ni mwanamume: kitanda kinabaki, chungu kinabaki, watoto wanabaki, na mwanamke yuko kwenye uwanja ule ule alikochezwa ngoma, pamoja na mama yake na dada zake. Sasa niambieni, mwanamke wa namna hiyo avumilie mume mgomvi kwa kuogopa kukosa nini? Sikumbuki bibi yangu na wenzake wakihesabiana aibu kwa kuolewa mara mbili au tatu. Waliulizana tu, "Huyu wa sasa analima?"

Kilichotugeuza, kwa ninavyoona mimi, ni mkorosho. Muhogo ukivunwa umekwisha, ukiachana na mtu hakuna cha kugombania. Mkorosho unakaa miaka mingi kuliko ndoa yenyewe. Mwanamume aliyeupanda katika ardhi ya wakwe hakutaka tena kuondoka na begi tupu, akaanza kutaka shamba liwe lake na la wanawe, badala ya wapwa zake. Na tangu hapo ndoa zetu zinakwenda na msimu. Minada ikifunguliwa mwezi Oktoba na fedha zikaingia, utasikia vigelegele kila mtaa, na kuna wanaume ambao huongeza mke kila bei inapokuwa nzuri. Ifikapo Machi au Aprili, wakati wa palizi, fedha zimekwisha, mke mpya hajazoea jembe la shamba hilo na mke mkubwa amenuna. Hapo ndipo karatasi za talaka zinapoandikwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua talaka za Tandahimba na Newala aanze kwa kutazama bei ya kilo.

---

Mwalimu wa Mingoyo:

Shangazi, shikamoo, na ahsante sana. Ulichokieleza kiliwahi kuzua mjadala mkubwa miongoni mwa wasomi wa mila za Afrika. Mwaka 1950 mmoja wao, Max Gluckman, aliwalinganisha Wazulu, wanaohesabu ukoo kwa baba na kutoa ng'ombe wengi wa mahari, na Walozi wa Zambia, ambao mahari yao ilikuwa ndogo na watoto wangeweza kudai haki katika koo za pande zote mbili. Alisema kwamba kwa Wazulu talaka ilikuwa adimu na kwa Walozi ilikuwa jambo la kila siku, na akauhusisha uimara wa ndoa na ukoo wa baba wenye nguvu. Wenzake walibishana naye kwa miaka mingi, hasa kuhusu kipi kinatangulia: je, ng'ombe wengi huzuia talaka, au watu hukubali kutoa ng'ombe wengi pale tu wanapojua kwamba ndoa zao hazivunjiki? Mimi naelekea kwa hao wa swali la pili. Hata hivyo, kwa vyovyote vile, jamii za ukoo wa mama zimeonekana mara nyingi kuwa na ndoa zinazoachiana kwa urahisi.

Nahodha, huo ndio mlango wa Kusini, nao ulikuwa wazi kabla ya Mjerumani kufika Mikindani.

---

Karani wa Baraza:

Naomba niongeze upande wa maandishi, kwa kuwa nimekaa katika baraza la usuluhishi la ndoa na ninajua kinachoingia katika daftari na kisichoingia.

Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, talaka Tanzania Bara hutolewa na mahakama, pale inaporidhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwa kawaida shauri halipokelewi mpaka wanandoa wapitie baraza la usuluhishi, na baraza lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kwa Waislamu sheria inatambua kwamba baraza likishindwa, na baada ya hapo mume akatoa talaka kwa mujibu wa dini, mahakama itaichukulia ndoa hiyo kuwa imevunjika na kutoa amri. Hatua zenyewe ni tatu: baraza, talaka, mahakama.

Katika maisha ya kawaida hatua ya kati ndiyo inayofanyika peke yake. Mume anachana ukurasa wa daftari la shule, anaandika jina lake na la mke, anataja ni talaka ngapi, anaweka tarehe, na mashahidi wawili wanatia saini au dole gumba. Karatasi inakunjwa mara nne, mwanamke anaifunga kwenye pindo la khanga au anaiweka ndani ya kava la simu, na ndiyo imekwisha. Eda ikimalizika anaolewa, na shehe anayefungisha ndoa mpya ataiona karatasi ile na kuridhika. Hakuna hakimu aliyeijua, wala haikufika RITA, wakala wa serikali wa usajili. Wengine hata karatasi hawana: mwanamume alikwenda Dar es Salaam au Msumbiji kutafuta maisha na hakurudi. Ukichukua takwimu za mahakama za Mtwara na Lindi ukasema ndizo talaka za mikoa hii, umehesabu wale tu waliokuwa na jambo la kudai.

Sensa nayo ina upungufu wake. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,634,947 Mtwara na 1,194,028 Lindi, na iliuliza hali ya ndoa ya mtu siku ile. Mwanamke aliyeachika mara mbili na sasa ameolewa mara ya tatu anaandikwa kuwa ameolewa, kama yule aliyekaa na mume mmoja miaka 40.

---

Korosho Ghafi:

Kwa maelezo hayo, Mwalimu, hoja yako imekufa. Kama talaka zetu hazihesabiki, umejuaje kwamba hazijaongezeka? Mimi niko Tandahimba, na macho yangu yananiambia kwamba zimeongezeka. Nimesoma pia kwamba huko Ureno sasa ndoa 9 kati ya 10 zinavunjika. Huo nao si usasa?

---

Mwalimu wa Mingoyo:

Ndugu Korosho, hesabu ya Ureno ni ya kweli, ila haisemi hivyo. Mwaka 2020 nchi hiyo ilikuwa na talaka zaidi ya 90 kwa kila ndoa 100 zilizofungwa mwaka huo. Waliofunga ndoa mwaka 2020 si hao walioachana mwaka 2020. Kwa sababu ya korona harusi zilipungua kutoka takriban 33,000 mwaka 2019 hadi takriban 19,000, na talaka nazo zilipungua, ila si kwa kasi hiyo. Nchi iliyokuwa na talaka chache kuliko mwaka uliotangulia ikatangazwa duniani kuwa bingwa wa talaka. China ni onyo la namna nyingine: mwaka 2021 serikali iliweka siku 30 za kusubiri kwa wanaoachana kwa hiari, talaka zikashuka mara moja, na wapo waliosema ndoa zimeimarika. Idadi ya wanaooana huko ilikuwa imeporomoka kutoka milioni 13.47 mwaka 2013, na kufika mwaka 2022 ilikuwa milioni 6.83. Asiyeoa haachi.

Kipimo kinachofaa ni kuwafuata watu waliooana kipindi kimoja na kuuliza ni wangapi kati yao wameachana baada ya miaka 5, 10 au 15. Kwa Afrika kazi hiyo imefanywa bila kutegemea mahakama, kwa kutumia tafiti za nyumba kwa nyumba za afya na uzazi, ambazo huwauliza wanawake iwapo wamewahi kuolewa zaidi ya mara moja. Mwaka 2015 watafiti Shelley Clark na Sarah Brauner-Otto walichapisha matokeo ya nchi 33 za kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo. Waliona kwamba talaka ni nyingi, takriban robo ya ndoa za kwanza huvunjika ndani ya miaka 15 hadi 20, lakini hawakuona dalili kwamba zinaongezeka kwa jumla. Katika baadhi ya nchi zilikuwa zikipungua. Kukaa mjini kuliongeza uwezekano wa kuachana, na kuchelewa kuolewa kuliupunguza, hivyo mambo hayo mawili yamekuwa yakivutana. Sisemi kwamba hesabu ya Afrika nzima ni hesabu ya Tandahimba. Nasema kwamba aliyedai ongezeko ndiye mwenye deni la ushahidi.

Kuhusu macho yako, nina dhana moja. Zamani ndoa iliyovunjika ilimalizwa na wajomba wawili chini ya mwembe, na mtaa wa pili haukujua. Leo inafika barazani, ofisi ya kata, ustawi wa jamii na mahakama ya mwanzo, mbele ya foleni.

---

Shangazi wa Masasi:

Hapo Mwalimu amenena. Na wanaofikisha ni wanawake. Karani, thibitisha.

---

Karani wa Baraza:

Ni kweli kwa ninavyoona mimi, Shangazi, na chanzo chake ni mali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufaulu. Uamuzi huo ulichukua muda kufika vijijini. Sasa umefika. Mwanamke anayekuja barazani siku hizi haji kuomba kupatanishwa, na mara nyingi talaka anayo tayari, ile ya karatasi ya daftari. Anachotaka ni hati ya baraza ili afungue shauri na kudai sehemu yake ya nyumba ya bati na ya mikorosho.

Mashauri ya mikorosho ndiyo yanayochosha kuliko yote, kwa sababu sheria inaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja na pia desturi za jamii husika. Ardhi ni ya ukoo wa mke, miche ilinunuliwa na mume, palizi amefanya mke, dawa ya kupulizia ilikopwa kwa jina la mume kwenye chama cha ushirika, na mjomba amekaa nyuma anasubiri kusema kwamba shamba halikuwahi kutolewa. Mwaka ambao bei inapanda tunapokea maombi mengi zaidi, na baadhi yake ni ya ndoa zilizovunjika miaka mitano au sita iliyopita. Katika daftari langu zote zinaandikwa kwa tarehe ya siku zilipofika mezani.